Hedy Lamarr na Haki ya Mvumbuzi

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii aghalabu hutajwa kwa ajili ya maskini na watu wasiojulikana. Ni nadra kutajwa kwa ajili ya mtu mwenye sifa, mali na uzuri. Hata hivyo, yuko mwanamke aliyejulikana dunia nzima kwa sura yake, na huko kujulikana ndiko kulikomnyima haki ya akili yake. Huyo ni Hedy Lamarr, mwigizaji wa sinema, ambaye habari zake zilisimuliwa upya mwaka 2017 katika filamu ya hali halisi iitwayo Bombshell: The Hedy Lamarr Story, iliyoongozwa na Alexandra Dean.

Nguzo ya filamu hiyo ni kanda za sauti. Mwaka 1990 Fleming Meeks, mwandishi wa jarida la Forbes, alizungumza na Lamarr, aliyekuwa wakati huo bibi wa miaka 75, amejitenga na watu. Maneno yake yakarekodiwa, kisha kanda zikakaa zaidi ya robo karne pasipo kusikiwa na umma. Thamani yake ni kubwa, kwa kuwa Lamarr alitumia ujana wake kusema maneno aliyoandikiwa na wengine, na humo anasikika akisema yaliyo yake. Lakini ushahidi wa mzee juu ya mambo ya miaka hamsini nyuma hautoshi peke yake. Sharti uwekwe kando ya maandishi ya wakati ule. Kwa bahati njema, maandishi hayo yapo.

Alizaliwa Vienna, nchini Austria, tarehe 9 Novemba 1914, akaitwa Hedwig Kiesler. Baba yake alikuwa mkuu wa benki, naye alipenda kumweleza binti yake, walipotembea pamoja, jinsi mitambo ifanyavyo kazi. Mwaka 1933 alionekana uchi katika filamu ya Ecstasy, na fedheha ya filamu ile ikamfuata umri wake wote. Mwaka huohuo aliolewa na Friedrich Mandl, tajiri mwenye viwanda vya silaha. Mwaka 1937 alimkimbia mume huyo, akafika London, na huko akakutana na Louis B. Mayer, mkuu wa kampuni ya filamu ya MGM, ambaye alimpa mkataba na jina jipya. Filamu ya Algiers, mwaka 1938, ikamfanya nyota.

Mchana alitazamwa; usiku alikaa nyumbani kwenye meza ya kuchorea, akibuni vitu. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha kuanza. Mwezi wa Septemba 1940 meli ya City of Benares, iliyokuwa ikiwapeleka watoto wa Uingereza nchini Kanada ili waepukane na mabomu, ilizamishwa na manowari ya Kijerumani ya chini ya maji. Watoto 77 kati ya 90 wa msafara huo walikufa. Katika siku hizo Lamarr na rafiki yake George Antheil, mtunzi wa muziki, walikuwa wakitafuta njia ya kuliongoza topido kwa redio.

Shida ilikuwa hii. Topido linaloongozwa kwa redio hupokea amri katika masafa fulani ya mawimbi. Adui akiyagundua masafa yale, huyajaza kelele, na topido hupotea njia. Dawa waliyoipata ni kuifanya amri irukeruke kutoka masafa haya kwenda yale, kwa mpango unaojulikana na pande mbili tu: chombo kinachotuma na chombo kinachopokea. Lakini vyombo viwili vilivyo mbalimbali vitarukaje kwa pamoja? Hapo ndipo ujuzi wa Antheil ulipofaa, kwa maana alikuwa ametunga muziki wa piano zinazojipiga zenyewe kwa kufuata ukanda wa karatasi uliotobolewa matundu. Wakaweka kanda mbili zilizo sawa, moja merikebuni na moja ndani ya topido, zianze pamoja na kwenda pamoja. Ukanda wa namna hiyo uliweza kubeba masafa 88, sawa na vibonye vya piano.

Ombi la kulinda uvumbuzi huo lilipelekwa serikalini tarehe 10 Juni 1941, na hati namba 2,292,387 ikatolewa tarehe 11 Agosti 1942 kwa majina ya Hedy Kiesler Markey na George Antheil. Jeshi la Majini la Marekani halikuutumia katika vita hivyo. Antheil, katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1945, alidhani kwamba wakubwa waliposoma habari za piano waliona wanaambiwa waitie piano nzima ndani ya topido. Lamarr akasaidia vita kwa njia nyingine, yaani kuuza hati za mkopo wa vita, na humo alikusanya mamilioni ya dola kwa ile sura yake. Hati ya uvumbuzi ilikwisha muda wake mwaka 1959, wala hakulipwa kitu.

Wako waliosema kwamba wazo lile alilisikia tu mezani kwa Mandl. Yamkini alisikia huko habari za silaha. Lakini kusikia shida si kupata dawa yake, na Antheil mwenyewe alimtaja Lamarr kuwa mwenye wazo la topido. Ni vigumu kuamini kwamba shaka hiyo ingalidumu hivyo kama mvumbuzi angalikuwa mhandisi mwanamume mwenye miwani. Waswahili husema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walimwengu walimhukumu Lamarr kwa methali hii pasipo kuufungua mkakasi wenyewe.

Hata hivyo, haki haitengenezwi kwa kutia chumvi. Filamu, pamoja na mengi yaliyoandikwa juu yake, huelekea kumfanya chanzo cha Bluetooth, Wi-Fi na GPS. Wazo la kubadilisha masafa lilikuwako kabla yake: Jonathan Zenneck wa Ujerumani aliliandika mwaka 1908, na Willem Broertjes alipewa hati ya Marekani kwa jambo la namna hiyo mwaka 1932. Bluetooth hurukaruka kweli, mara 1,600 kwa sekunde, lakini GPS na Wi-Fi ya leo hutumia njia nyingine za kutawanya mawimbi. Lililo lake na la Antheil ni ile namna ya kuvifanya vyombo viwili viruke pamoja, na kusudi la kuvitumia vitani. Hilo ni kubwa la kutosha. Anayeliongezea humfanya msomaji mwenye hadhari alitilie shaka hata lile la kweli.

Mwaka 1997 shirika la Electronic Frontier Foundation liliwatunuku yeye na Antheil, aliyekuwa amekwisha kufa tangu 1959. Lamarr alifariki Florida tarehe 19 Januari 2000, na mwaka 2014 wote wawili wakaingizwa katika orodha ya taifa ya wavumbuzi wa Marekani. Heshima ilikuja kwa kuchelewa, ingawa hati ilikuwa imewekwa wazi tangu mwaka 1942, yenye namba, tarehe na jina lake la kuzaliwa. Haikufichwa na mtu yeyote. Waliolijua jina la Lamarr hawakuwa na haja ya kuisoma, na waliokuwa na haja ya kuisoma hawakumtambua Lamarr katika jina la Kiesler.