Mzaliwa wa Zanzibar Aliyetoka Jukwaani Akashika Brashi

Wazee wetu wakisikia jina la Himid huuliza mara moja: huyo wa upande gani? Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alikuwa mtu wa Komoro, mama yake Mwingereza, fundi wa kubuni nakshi za vitambaa. Malaria ilimchukua baba, mtoto akiwa na miezi minne tu, na mama akarejea naye kwao. Basi akalelewa Uingereza, mbali na jamaa za baba, jambo ambalo katika nyumba zetu nyingi si geni.

Hakuanza na uchoraji. Alisomea kazi ya kupamba majukwaa ya michezo ya kuigiza katika chuo cha Wimbledon, London, akahitimu mwaka 1976. Ni kazi ya nyuma ya pazia, ya kutengeneza nyumba isiyo nyumba na mti usio mti ili wachezaji wapate pa kusimama. Alipogeukia brashi hakuusahau ufundi huo. Mwaka 1986 alikata watu wa mbao, akawapaka rangi na kuwapanga kama wako mchezoni: Margaret Thatcher na Ronald Reagan wakichumbiana, kwa kuiga picha ya William Hogarth wa karne ya 18. Kichekesho, lakini chenye makali!

Miaka hiyo wanawake weusi wachoraji walibisha hodi nyingi bila kuitikiwa. Mwaka 1985, katika jumba la ICA, London, yeye na wenzake kumi walionyesha kazi zao ukumbini mwa kupitia tu.

Kwa maoni yangu kazi yake kubwa kupita zote ni ile ya mwaka 2004, Naming the Money. Ni watu 100 wa mbao, wa kimo cha binadamu: wapiga ngoma, washona viatu, waganga wa mitishamba, wachora ramani. Hao ni Waafrika waliofanywa watumwa katika nyumba za wakubwa wa Ulaya. Kila mmoja anajieleza: jina alilopewa na wazazi wake na jina alilobandikwa, kazi aliyoijua kwao na kazi aliyolazimishwa. Sisi ambao majina yetu yamekatwakatwa na makarani wa bandarini na wa mashuleni tunaielewa hesabu hiyo.

Mwaka 2017 alitunukiwa Tuzo ya Turner, pauni 25,000, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Alikuwa na umri wa miaka 63. Ni mwaka huo huo tu sharti la kutozidi miaka 50 lilipofutwa.

Mwaka 1999 alichora mfululizo wa picha akauita Zanzibar. Na zipo karatasi zake alizozichora kwa umbo la kanga, na maneno yake chini, kama inavyotakiwa.