Kutoka Kalibu hadi Picha: Unakili wa Nyayo za Laetoli na Umuhimu Wake kwa Ukanda wa Shinyanga na Geita

Nyayo za Laetoli, wilayani Ngorongoro, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.66, zilifukuliwa na kundi la Mary Leakey mwaka 1978 na 1979. Wakati huo kunakili kulimaanisha kugusa: kalibu ilitengenezwa juu ya majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe, kisha ikabanduliwa, na kila kubandua kulikuwa na hatari ya kuondoka na chembe za unyayo wenyewe. Picha nazo hazikupuuzwa. Mwaka 1980 Michael Day na E. H. Wickens walichapisha kontua za nyayo hizo zilizotokana na upimaji wa picha.

Mabadiliko makubwa yalidhihirika mwaka 2015, pale Fidelis Masao, Elgidius Ichumbaki na wenzao walipofukua nyayo mpya katika eneo la S, takriban mita 150 kutoka njia ya awali. Picha nyingi zinazopishana hupigwa kutoka pembe mbalimbali. Programu hutambua nukta zilezile katika picha tofauti, hukokotoa mahali kamera iliposimama, kisha huunda umbo la kidijitali lenye kina. Hakuna kinachogusa jiwe.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba umbo hilo linajitosheleza. Picha peke yake hutoa uwiano, si ukubwa. Pasipo nukta zilizopimwa ardhini, unyayo wa mtoto na wa mtu mzima huweza kuonekana sawa kwenye kompyuta. Jambo hili si dogo: makadirio kwamba mwenye nyayo za S1 alikuwa na kimo cha takriban sentimita 165, ambayo yalizua mjadala kuhusu tofauti ya maumbile kati ya dume na jike, yanategemea urefu wa unyayo.

Laetoli, angalau, nyayo za awali zilifukiwa tena na zingali chini ya udongo. Hali ni tofauti Mwadui, inakochimbwa almasi tangu mwaka 1940, na Geita, ambako mgodi wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Uchimbaji wa wazi huondoa uso wa ardhi pamoja na chochote kilichomo. Katika mazingira hayo, picha zilizopigwa pamoja na vipimo vya ardhini kabla udongo wa juu haujaondolewa zinaweza kutumika kuunda upya umbo la mahali hapo.