Ukoo Kinywani na Ukoo Karatasini

Msomaji wangu, wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana mbele ya wenye maduka, lakini leo nataka uitazame kwa jicho la mwanafunzi wa historia. Maana iko mali nyingine isiyohesabiwa kwa shilingi, nayo ni habari za watu: nani alizaliwa na nani, nani alioa wapi, na ukoo gani ulihama kutoka wapi. Mali hiyo nayo yahitaji daftari. Lakini daftari peke yake halitoshi. Daftari lililopigwa mistari vibaya laweza kupoteza mali hiyo kana kwamba halikuwapo kamwe.

Ukipata kuhudhuria matanga ya mzee wa heshima katika nchi ya Wabukusu, pande za Bungoma, huenda ukashuhudia jambo ambalo wenyewe huliita kuswala kumuse. Si kila mzee hufanyiwa hivyo, wala si kila mtu aweza kuifanya kazi hiyo. Watu huketi kimya, na katikati yao huachwa njia iliyo wazi. Msemaji husimama na fimbo mkononi, akaenda huku na huko katika njia ile, akinena habari za kale: asili ya watu, safari zao, vita vyao, koo zao na jinsi zilivyooana. Huwafariji wafiwa na kuwaonya walio hai. Hashiki karatasi yoyote.

Je, mambo mengi namna hii hukaaje katika kichwa cha mtu mmoja? Hayakai kama orodha ya majina darasani. Hukaa kama wavu wa mvuvi, ambao kila fundo lake limefungwa na mafundo mengine. Ukivuta jina la mtu, huja mkewe. Ukimvuta mkewe, huja ukoo wa baba yake. Ukiuvuta ukoo huo, huja mlima waliotoka na vita waliyopigana. Basi swali la insha hii ni hili: tunapotaka kuutoa wavu huo kichwani na kuuweka mahali pengine, tuutoe kwa umbo gani?

Usidhani kwamba swali hili ni jepesi. Chukua majina tu. Kwa Wabukusu, mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Wafula, na msichana Nafula. Aliyezaliwa wakati wa mavuno huitwa Wekesa au Nekesa, na wa wakati wa njaa Wanjala au Nanjala. Mvua hunyesha kila mwaka. Kwa hiyo akina Wafula ni wengi mno. Ukiandika, “Wafula alimwoa Nekesa,” hujamwambia mtu neno la maana mpaka useme ni Wafula yupi, mwana wa nani, wa ukoo upi.

Hali ni hiyo hiyo katika marika ya tohara. Wabukusu wana marika manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Rika moja huchukua takriban miaka 12, na yote manane yakiisha mzunguko huanza tena, hata jina moja hurudi baada ya miaka 100 hivi. Mtu akikuambia, “Babu yetu alikuwa Maina,” huna budi kuuliza, “Maina ya lini?” Ukiambiwa kwamba alikuwa amekwisha kutahiriwa wakati Waingereza walipopigana na Wabukusu huko Chetambe, mwaka 1895, hapo umepata fundo la pili, nalo hulikaza lile la kwanza. Neno lililo peke yake hubabaisha. Lililofungwa na jingine huwa ushahidi.

Wataalamu wa mambo ya kale waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1898 Mwingereza mmoja, W. H. R. Rivers, alikwenda katika visiwa vya Torres, baina ya Australia na New Guinea, akawauliza watu habari za jamaa zao. Alitumia maneno machache tu: baba, mama, mtoto, mume, mke. Kwa maneno hayo machache aliweza kuandika nasaba za watu wa visiwa vizima, na mwaka 1910 alieleza njia yake hiyo kwa maandishi. Ya kukumbukwa ni kwamba hakuanza kwa kutafuta majina mengi. Alianza kwa kuchagua viungo vya kuyaunganisha.

Katika nchi yetu, mwanahistoria Gideon Were alikusanya habari za wazee wa Kenya Magharibi, na mwaka 1967 akazitoa kwa maumbo mawili. Kitabu kimoja kilikuwa historia iliyopangwa ya Waluhya, tangu karne ya 16 hivi hadi mwaka 1930, ambamo mwandishi mwenyewe amepima habari na kuamua. Kitabu cha pili kilikuwa mkusanyo wa masimulizi ya Waluhya, Wateso na Wakalenjin wa Mlima Elgon. Kwa nini viwili? Kwa sababu wasomaji ni wawili. Yuko atakaye kujua mambo yalivyokwenda, na yuko atakaye kuona ushahidi ili aamue mwenyewe. Wa kwanza angechoshwa na kitabu cha pili, na wa pili asingeridhika na kitabu cha kwanza.

Sasa tuje Kitale. Zamani za ukoloni, ardhi nzuri ya Trans Nzoia ilikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu, na reli ilifika Kitale mwaka 1926. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yalinunuliwa na kugawanywa, na jamaa nyingi kutoka Bungoma zikahamia huko. Hivyo ndugu walioishi ua mmoja wakawa mbali, watoto wakazaliwa Kitale, wakasoma Kitale, na matanga ya Bungoma wakayasikia kwa mbali. Wavu wa zamani ukaanza kukatika. Nalo si jambo la fahari tu, kwani kwa desturi ya Wabukusu mtu haoi katika ukoo wa baba yake wala wa mama yake, na wazee huchungua hata koo za bibi na babu. Asiyejua viungo vyake aweza kuposa kwa jamaa yake bila kujua.

Hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Ndugu mdogo wa babu yangu alikuwa na daftari la nasaba yetu, lililoandikwa kwa sentensi ndefu zisizo na mpango: huyu alimwoa binti wa ukoo ule, akaja na mdogo wake, ambaye naye aliolewa ng’ambo ya mto. Nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu niliona haya kwa ajili ya daftari lile. Nikapiga jedwali safi lenye safu nne: jina, jina la baba, mwaka wa kuzaliwa, mahali. Lilipendeza macho! Daftari la mzee likasahauliwa stoo, mchwa wakalila, na mzee mwenyewe akafariki.

Miaka ikapita. Kijana wa baba yangu mdogo, mzaliwa wa Kitale, akataka kuposa. Wazee wa Bungoma wakauliza, “Mama wa babu yenu alitoka ukoo gani?” Nikalitazama jedwali langu safi. Halikuwa na safu ya akina mama. Posa ikasimama miezi mitatu, mpaka tulipompata shangazi mmoja mkongwe, naye akatujibu bila kuinuka mkekani. Ndoa ikafungwa. Lakini sikuweza kujisifu, maana kilichotuokoa hakikuwa kalamu yangu bali pumzi ya bibi kizee ambaye angaliweza kufa mwaka uliotangulia.

Tangu siku hiyo nimejifunza kupima maumbo kabla ya kuandika. Jedwali ni zuri kwa kuhesabu na kupanga, lakini kila safu isiyowekwa ni mlango uliofungwa. Mti wa ukoo, unaochorwa na shina na matawi, huonyesha vizuri uzao wa mtu mmoja. Lakini kila mtu ana wazazi wawili, na mti wenye shina moja hulazimika kuukata upande mmoja au kuuandika mara mbili. Masimulizi hubeba viungo vyote pamoja na sababu zake, ila ni taabu kuvitafuta ndani yake.

Liko umbo la nne, nalo ni sentensi fupi zenye sehemu tatu: mtu, kiungo, mtu. “Wafula wa 12 ni mwana wa Nekesa wa 7.” “Nekesa wa 7 ni wa ukoo fulani.” Kila mtu hupewa namba yake, ili akina Wafula wasichanganyike. Ukitaka kuongeza kiungo kipya, huna haja ya kupiga safu mpya. Waongeza sentensi tu. Mwaka 1999 W3C, shirika linaloweka kanuni za wavuti ulimwenguni, lilipitisha kanuni ya namna hii hii kwa ajili ya kompyuta, iitwayo RDF. Hifadhi ya kompyuta inayotunza habari kwa mafundo na viungo huitwa hifadhidata ya grafu, na waona mwenyewe kwamba ni binamu wa kichwa cha yule msemaji wa matanga.

Hata hivyo kompyuta haikutuondolea uchaguzi. Habari zikitolewa humo, mwenye kuzitoa huulizwa azitoe kwa umbo gani. Umbo la Turtle, lililopitishwa rasmi mwaka 2014, husomeka kwa urahisi na jicho la mwanadamu. Umbo la N-Triples huweka sentensi moja katika kila mstari. Ni refu na la kuchosha, lakini mashine hulisoma mstari kwa mstari hata likiwa kubwa sana. Umbo la JSON-LD huwafaa watengenezaji wa programu za wavuti. Haya matatu hutofautiana kwa vazi tu. Viungo ni vile vile, na waweza kuvigeuza kutoka vazi moja hadi jingine pasipo kupoteza kitu. Lakini CSV, yaani jedwali la kawaida, ni jambo jingine. Hupendwa kwa sababu kila mtu hulifahamu. Lakini viungo usivyovitengea safu hubaki nje, wala hakuna kengele ya kukuonya. Jedwali langu la ujana lilikuwa CSV ya karatasi.

Kwa hiyo, msomaji wangu, shika kanuni tatu. Kwanza, tunza asili yenye viungo vyote, wala usiitupe kwa sababu umepata nakala nzuri zaidi. Pili, mfikirie msomaji wako kabla ya kuchagua umbo: mpe mwenye kuhesabu jedwali, mpe mtoto mti, mpe mwenye kuchunguza ushahidi. Tatu, kabla ya kutoa nakala jiulize ni nini kitakachobaki nyuma, nawe ukiandike pembeni ili atakayekuja ajue.

Likizo itakapofika, nenda kwa bibi yako ukiwa na kalamu, uwe u wa Kitale au wa Bungoma au wa kwingineko. Usianze kwa kupiga mistari. Keti, umsikilize kwanza, uone jinsi anavyotoka fundo hadi fundo. Kisha umwulize kuhusu mama wa mama yake, kwa maana huko ndiko madaftari mengi yalikokatika.