Waliojua Kufunga Kidonda

Mwaka 1879, pale Kahura katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo, msichana wa miaka kama 20 alipasuliwa tumbo ili azae mtoto wake wa kwanza. Tunaijua stori hii kwa sababu Robert Felkin, mmishonari aliyesomea udaktari Edinburgh, alikuwa hapo akitazama. Aliichapisha mwaka 1884.

Wengi wakiisimulia hukwama kwenye kisu. Mimi naona mambo mazito yalikuwa kwenye damu na kidonda.

Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe ya ndizi, akaosha na tumbo la mama. Pombe hiyo hiyo ndiyo mama alikuwa amenyweshwa, maumivu yapungue. Alipokata, kila mahali palipovuja damu paliguswa na chuma cha moto. Mtoto na kondo walipotoka, aliukandakanda mfuko wa uzazi kwa mkono mpaka ukajikaza. Hadi leo wakunga hufanya hivyo, maana mfuko uliolegea ndio humwaga damu.

Kisha mama akageuzwa, maji yote yakatoka tumboni. Kidonda kikafungwa kwa pini saba za chuma zilizong'arishwa, zikakazwa kwa uzi wa gome la mti. Juu yake wakapaka mizizi iliyotafunwa, jani la mgomba lililopashwa moto, halafu bandeji ya nguo ya gome. Siku ya tatu walibadilisha dawa na kutoa pini moja, ya tano wakatoa tatu, ya sita zilizobaki. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona.

Sasa linganisha na Ulaya ya wakati huo. Madaktari wengi huko waliacha mfuko wa uzazi bila kuushona, na akina mama wengi walikufa kwa damu na usaha. Mwaka 1876 kule Italia, Eduardo Porro aliona heri aukate kabisa mfuko ili damu isimame. Mama akapona, lakini hangezaa tena. Max Sänger wa Ujerumani alikuja kutetea kuushona mwaka 1882.

Utaratibu wa Kahura si wa kubahatisha. Mtu hajui siku ya kutoa kila pini kama hajawahi kuuguza kidonda kama hicho. Watu walikuwa wamefanya, wakaona, wakafunzana. Lakini Porro tunamjua kwa jina, Sänger pia, hata Felkin ambaye alitazama tu. Mpasuaji wa Kahura hakuandikwa jina, wala yule mama.