Pekecha na Ulindi: Moto wa Porini katika Historia ya Msamiati

Anayeteremka kutoka Dodoma kwenda Bahi wakati wa kiangazi huona nchi iliyokauka hata nyasi zikavunjika chini ya mguu. Mchungaji aliyelala porini katika nchi hiyo alihitaji vijiti viwili tu. Kimoja, laini na kikavu, kilitobolewa kitundu chenye mkato pembeni, kikakanyagwa ardhini. Cha pili, kigumu zaidi, kilisimamishwa kitunduni na kuzungushwa kwa viganja. Viganja vikifika chini hurudishwa juu upesi, joto lisipotee; ugumu wa kazi uko hapo, ndiyo maana watu wawili hupokezana. Unga mweusi hujikusanya katika mkato, hufuka moshi, kisha kikaa chekundu hutiwa katika nyasi kavu na kupulizwa polepole. Wahadzabe wa Bonde la Ziwa Eyasi, kaskazini ya Bahi, wanaijua kazi hii hata leo.

Kiswahili kiliita kitendo hicho kupekecha moto, na kijiti kinachozungushwa kikaitwa ulindi. Frederick Johnson aliyaingiza maneno yote mawili katika kamusi yake ya 1939. Pekecha lingali hai: mlenda wa Ugogo hupekechwa chunguni, mfitini huwapekecha ndugu, na tumbo nalo hupekecha. Lakini ulindi? Wanafunzi wangu, nikiwauliza, hunijibu kuwa ni kazi ya askari wa getini.

Kitenzi kilisalimika kwa sababu kilitaja mwendo, si moto. Kizulu kina phehla, chenye maana ya kupekecha moto na pia kusukasuka maziwa. Nakitaja kwa ajili ya maana, si kwa ulinganifu wa sauti. Ulindi, kwa upande wake, lilifungwa na chombo kimoja, tena chombo cha porini. Nyumbani, ndani ya tembe, moto ulifukiwa majivuni usiku kucha. Ukizimika, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae.

Kisha kikaja kibiriti. John Walker aliuza vijiti vya kuwashia kwa msuguo huko Uingereza mwaka 1827. Neno letu, hata hivyo, latoka katika Kiarabu kibrit, yaani salfa, na kama ilivyokuwa kwa kitabu, wasemaji waliichukulia ki- kuwa kiambishi cha ngeli, wakapata vibiriti. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ikipita Bahi, na bidhaa za viwandani zikapata njia nyepesi ya kuingia Ugogo.

Jambo moja halitajwi sana. Kibiriti nacho hutoa moto kwa msuguo, lakini hakuna Mswahili asemaye anapekecha kibiriti. Hukipiga, au hukiwasha. Pasipo mzunguko, pekecha halina kazi.

Na yule mtoto wa kigae? Kibiriti kilimpokonya kazi yake, lakini nyayo zake zimo katika mazungumzo yetu. Mgeni akiaga kabla hajaketi vizuri, mwenyeji humwuliza: kwani umefuata moto?