Bomba Moja la Ploti

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, niliondoka na laptopu ya mtumba yenye diski ya GB 32. Nikaiwekea Debian, na hapo neno "maktaba" likapata maana nyingine: faili moja ya msimbo inayoazimwa na programu nyingi, badala ya kila programu kubeba nakala yake. Ni kama bomba la ploti yetu: nyumba kumi na mbili, maji yale yale.

Nilidhani shida ilikuwa nafasi tu. Kumbe swali kubwa ni hili: likiharibika, nani anarekebisha?

Chukua zlib, maktaba ya kubana data ya Jean-loup Gailly na Mark Adler, iliyotoka 1995. Ilikuwa ya bure, ikaenea kila mahali. Machi 2002 kasoro ikatangazwa: toleo 1.1.3 lingeweza kuachilia kipande kimoja cha kumbukumbu mara mbili, na mshambuliaji akaiangusha programu. Zilizoazima zlib ya mfumo zilipona kwa sasisho moja, 1.1.4. Lakini zingine zilikuwa zimejichotea nakala na kuificha ndani, hata kiini cha Linux chenyewe. Hizo ilibidi zisakwe moja moja na kujengwa upya. Umetangaza maji ni machafu, halafu unakumbuka kuna watu walishajaza mitungi wakafunga mlango. Ndiyo maana sera ya Debian inakataza nakala za aina hiyo.

Sasa upande wa pili. Mtu aliyejiita Jia Tan alijipendekeza zaidi ya miaka miwili kwa mtunzaji wa xz, aliyekuwa akijitolea karibu peke yake, amechoka. Mapema 2024 akapachika mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Andres Freund aliunasa kwa sababu kuingia kwenye mashine kulichelewa kama nusu sekunde. Bomba moja, sumu moja.

Siku hizi programu nyingi huja na mitungi yao, kupitia Snap na Flatpak. Naelewa, zinaepuka ugomvi wa matoleo. Diski yangu ndiyo inalia.

Lakini mtungi hauondoi fundi, unamsahaulisha tu. Kwa ploti, bomba likivuja, kila nyumba inatoa mia. zlib nimeitumia miaka hii yote. Sijawahi kutoa hata bob.