Juu ya Neno "Kupotea" katika Habari za Vyombo vya Majini na Angani

Bariadi ni mji wa bara. Bali Mkoa wa Simiyu, uliopewa mji huo kuwa makao makuu ulipoanzishwa mwaka 2012, hugusa Ziwa Viktoria upande wa Busega. Kwa hiyo habari za vyombo visivyorudi si za watu wa pwani peke yao.

Kiswahili husema chombo kimezama kikijulikana kuwa kimekwenda chini, na kimepotea kisiporudi wala kuonekana. Tena, kitenzi "kupoteza" hudai mtenda, lakini "kupotea" hakimdai. Yafaa basi mwandishi wa historia aangalie ni nini hasa kilichopotea.

Meli Waratah iliondoka Durban tarehe 26 Julai, 1909, ikielekea Cape Town na watu 211. Haikuwa na simu ya upepo, wala haikufika. Hapa neno "kupotea" ni sawasawa kabisa.

Ndege MH370 ya Malaysia ilipotea tarehe 8 Machi, 2014, ikiwa na watu 239. Mwezi wa Juni 2016 kipande cha bawa lake kiliokotwa kisiwani Pemba, na wachunguzi wa Australia wakakitambua kwa namba na tarehe zilizopigwa juu yake. Ripoti ya Malaysia ya mwaka 2018 haikuweza kukata neno juu ya sababu. Lakini waliokuwamo wajulikana wote, mmoja mmoja.

Habari ya MV Bukoba ni kinyume chake. Meli hiyo ilipinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei, 1996, nayo mahali ilipozama pajulikana. Ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Waliokufa walitangazwa kuwa 894. Abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa katika orodha yo yote. Meli haikupotea; waliopotea ni watu, na tena si kwa siri ya maji, bali kwa kukosa kalamu bandarini. Kwa hao, sarufi ingetutaka tuseme "walipotezwa", tupate kuuliza na nani.

Jamaa zao wangali hai katika Busega, Magu, Ukerewe na Bukoba. Wakusanyaji wa masimulizi ya kale wangefanya vema kuanzia huko, wakiandika majina kabla ya hadithi.